Mikono na Mipaka Yake

Mwaka 1864, Andrew Taylor Still, tabibu wa Marekani, alifiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo. Dawa za siku zile, nyingine zikiwa na zebaki, hazikuwaokoa. Baadaye akazikataa karibu zote, akaanzisha osteopathia, tiba ya kukanda na kunyoosha viungo kwa mikono. Nani amlaumu? Lakini je, uchungu wa mtu mmoja watosha kuwa kipimo cha tiba ya wengine? Mwashi aliyechoka mgongo aweza kupata nafuu kwa kukandwa. Mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa apelekwe hospitali mara moja. Leo madaktari wa osteopathia huko Marekani husomea udaktari kamili na kuandika dawa. Mkandaji asiye na elimu hiyo amwambie nini mama huyo, naye amekwisha kutoa ujira?