Unga wa Siku Moja

Tukimwomba Mungu atuondolee dhiki, mara nyingi tunatazamia ghala lijae. Mjane wa Sarepta, katika 1 Wafalme 17, hakujaziwa ghala. Ukame uliendelea; naye akabaki na pipa lile lile, akichota unga wa siku hiyo kwa ajili yake, nyumba yake na nabii Eliya. Haikutosha kuamini mara moja. Ilimbidi aamini upya kila alipochota. Nasi ni vivyo hivyo. Karo haijalipwa, mgonjwa bado yuko kitandani, lakini umeamka na nguvu za leo. Usidhani Mungu amekusahau. Nguvu hizo ni jibu lake. Zitumie, mgawie na jirani, na kesho urudi tena kwenye pipa.