Anayebaki

Mmisionari anayefika Buhinyuza, upande wa Muyinga nchini Burundi, na masanduku ya nguo na dawa huuona uhitaji upesi kuliko anavyowaona wenyeji wanaoushughulikia tayari. Muyinga hiyo hiyo iliwapokea Wakongo waliokimbia vita, wakawekwa kambini Gasorwe. Huruma kwa mgeni haikushuka na ndege. Katika Luka 10, Msamaria alimtia majeruhi mafuta na divai, kisha akampa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Kwangu, uzito wa huruma yake umo katika ahadi hiyo: alijua ataondoka, akamtafuta anayebaki.

Yupo atakayesema mtoto mwenye homa hawezi kungoja mipango. Kweli kabisa, na atibiwe leo. Ila malaria hurudi na mvua, mmisionari akiwa amesharudi kwao, na hapo muuguzi wa kituo cha afya ndiye anayehitaji vipimo, dawa na mshahara. Mfano wa kumwandaa anayebaki upo: madaktari wa Kimarekani waliofika hospitali ya Kibuye, Gitega, mwaka 2013 walijifunza Kirundi, wakawafundisha udaktari vijana wa Burundi.