Mtaji wa Serikali kwa Waliodhulumiwa: Ni Uadilifu au ni Upendeleo?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyegawanya riziki baina ya waja wake na akawaamrisha uadilifu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mambo yaliyowakhitilafisha watu wa Marekani kwa zaidi ya miaka hamsini ni mas'ala haya: Je, yafaa serikali kuitoa mali ya watu wote ikawasaidie watu wa jamii fulani kufungua biashara, khasa weusi, na wenyeji wa asili, na wenye asili ya Mexico na Puerto Rico, kwa kuwa wao ni wachache na waliachwa nyuma? Wako wasemao kuwa huu ndio uadilifu wenyewe. Na wako wasemao kuwa huu ni upendeleo uliovishwa kanzu ya uadilifu. Yapasa kuyatazama maneno ya pande zote mbili kwa mizani ya elimu, bila ya kuwafuata hawa kwa kuwapenda wala kuwakataa wale kwa kuwachukia.

KHABARI YENYEWE ILIVYO

Mwaka 1959 mji wa Batavia, katika jimbo la New York, ulikuwa katika shida baada ya kufungwa kiwanda kikubwa cha mitambo ya ukulima. Joseph Mancuso na jamaa zake wakalinunua jengo lile tupu, wakaligawa sehemu ndogo ndogo, wakawapangisha wenye biashara changa na kuwapa shauri na msaada wa ofisi. Katika wapangaji wa mwanzo alikuwamo mwenye kuangua vifaranga vya kuku. Basi kwa mzaha jengo likaitwa kiangulio, na jina likabaki. Leo kwa Kiswahili huitwa vituo vya kuatamia biashara, kwani humlinda mwenye biashara changa kama kuku alindavyo mayai yake, hatta yakaanguliwa, kisha kifaranga akajitafutia mwenyewe.

Miaka kumi baadaye, mwezi wa Machi 1969, Rais Nixon alitoa amri ya kuanzishwa ofisi ya serikali ya kusaidia biashara za watu wa jamii za wachache. Ofisi hiyo ikabadilishwa jina mwaka 1979, na mwaka 2021 ikathibitishwa kwa sheria ya Congress. Mwaka 2023 ilitoa dola milioni 125 kwa jumuiya 43 zenye vituo vya kuatamia biashara na vya kuwafundisha watu njia ya kupata mtaji.

SABABU YA WENYE KUUNGA MKONO

Hoja yao kubwa si umasikini peke yake, bali ni dhulma iliyouleta umasikini. Baada ya kuachwa huru watumwa, serikali ya Marekani ilitoa idhini mwaka 1865 ya kufunguliwa benki ya akiba kwa ajili yao. Watu wakaamini, wakaweka senti zao za jasho. Mwaka 1874 benki ikafungwa kwa uendeshaji mbaya na khiana, na watu zaidi ya 61,000 wakabaki wakidai karibu dola milioni 3. Kisha mwaka 1921, katika mji wa Tulsa, mtaa wa Greenwood uliokuwa na maduka, mahoteli na madaktari wa watu weusi ulichomwa moto na kundi la watu weupe, majengo ya mitaa 35 yakateketea. Na katika miaka ya 1930 ofisi ya serikali yenyewe ilichora ramani za miji, na mitaa ya weusi ikatiwa rangi nyekundu kuwa ni mahali pa khatari kwa mwenye kukopesha.

Basi wasema hawa: mtu aliyefungwa miguu wakati wenziwe wakikimbia, akifunguliwa mwisho wa mbio, je, ni uadilifu kumwambia, "Kimbia sawa na wenzio"?

HOJA YA WENYE KUPINGA

Wapingao nao wana neno. Wasema: mali ya serikali ni ya kila mlipa kodi. Yuko mzungu masikini katika milima ya West Virginia, ambaye mgodi wa makaa umefungwa na kazi hana. Huyu hakuchoma Greenwood wala hakula akiba ya mtu. Akija mlangoni na mtu mweusi tajiri akaja, kwa nini ngozi ya mmoja iwe ushahidi wa haja yake, na ya mwingine iwe ushahidi wa kutokuwa na haja? Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Maida tusiache chuki ya watu kutuvuta tukaacha uadilifu. Na huruma pia yaweza kumvuta mtu vivyo hivyo.

Wala khitilafu ya namna hii si ngeni. Sayyidna Abubakar (r.a.) aliwagawia watu fungu sawa kutoka Baitulmali, akaona kuwa fadhila za waliotangulia katika Uislamu ujira wake uko kwa Mola wao, na riziki ya dunia kusawazisha ndiko bora. Sayyidna Umar (r.a.) akawazidishia waliotangulia. Imam Shafi'i akaelekea kwenye rai ya kusawazisha. Basi khitilafu imo hatta kwa wabora wa umma, na haimfai mtu kumwita mwenziwe dhalimu kwa kuwa tu ameona njia ya pili.

MFANO WA MADINA

Walakini uko mfano ulio karibu zaidi. Walipotolewa Bani Nadhir, mali yao iliingia mkononi mwa Mtume (s.a.w.) bila ya vita. Akaigawa kwa Muhajirina, na Ansari hakuwapa, illa watu wawili waliokuwa na haja: Sahl bin Hunaif na Abu Dujana. Na Qur'ani katika Sura ya Al-Hashr imeitaja sababu ya fungu la Muhajirina: wametolewa majumbani mwao na katika mali zao, na kabla yake ikataja hikima ya mgawanyo, nayo ni mali isiwe ikizunguka baina ya matajiri peke yao.

Mazingatio hapa ni matatu. La kwanza, Muhajirina hawakupewa kwa ukoo wao wala kwa kuwa Maquraishi, bali kwa dhulma iliyothibiti na haja iliyoonekana. La pili, mlango haukufungwa kwa Ansari: aliyekuwa masikini kati yao alipewa pamoja na waliotoka Makka. Abu Dujana ni jawabu ya yule mtu wa West Virginia. La tatu, msaada ulikuwa na mwisho. Ansari walikuwa wamewapa Muhajirina mitende yao wale matunda yake, na waliporudi kutoka Khaibar nao wameruzukiwa, Muhajirina wakawarudishia wenyewe mitende yao.

SHOKA LA ANSARI

Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kwa Anas bin Malik (r.a.) kisa cha mtu wa Ansari aliyekuja kumwomba Mtume (s.a.w.). Akamwuliza kama nyumbani hana kitu. Akajibu kuwa ana tandiko na chombo cha kunywea maji. Mtume akaviagiza, akavinadi mbele ya watu, vikauzwa kwa dirham mbili. Akamwamuru dirham moja anunue chakula cha watu wake, na ya pili anunue shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia aende akakate kuni akauze, wala asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu akarudi na dirham kumi.

Tazama, ewe msomaji, namna kisa hiki kilivyokusanya sharti zote za kituo chema cha kuatamia biashara. Aliulizwa kwanza alicho nacho, kwani asiyetoa chochote chake hana uchungu na mtaji. Chakula kikatengwa mbali na mtaji, kwani mwenye njaa hula shoka lake. Akapewa chombo cha kazi anayoiweza, hakupewa fedha ya kushika mkononi. Mkubwa wa nchi akatia mpini kwa mkono wake, hakumtupia chuma akamwacha. Akawekewa muda. Kisha akarudi kutoa hesabu. Msaada uliokosa moja katika haya hulegea.

Na wanavyuoni wa madhehebu yetu wameyafuata haya katika mlango wa zaka. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijra) ameeleza kuwa fukara mwenye ufundi hupewa thamani ya vyombo vya ufundi wake, na mfanya biashara hupewa rasilmali ambayo faida yake yatosha kumwendesha: muuza mboga zamtosha dirham tano au kumi, na muuza johari huenda asitoshwe ila na elfu kumi. Muradi wao ni kumtoa mtu katika ufukara, asirudi tena mwaka ujao. Kweli, hazina ya Marekani si Baitulmali, wala kodi yake si zaka, na hukumu ya hii haiwi hukumu ya ile. Lakini hikima ni moja.

MARADHI YA MSAADA

Msaada huu umepatwa na maradhi mawili. La kwanza ni jina la kukodisha. Sheria ya Marekani yataka biashara ipewayo kazi za serikali kwa njia hii iwe mikononi mwa mtu wa jamii iliyonyimwa nafasi, kwa fungu lisilopungua asilimia 51. Katika Bronx ya kusini, mahali pa umasikini mkubwa, ilikuwako kampuni ya Wedtech. Ilipata kazi za jeshi za mamilioni ya dola bila ya kushindana na wengine. Ilipouza hisa zake mwaka 1983 na fungu la mwenyewe likashuka, ikatungwa hati ya uwongo ionekane kuwa bado ni mwenye kampuni. Ikafilisika mwaka 1986, na katika waliohukumiwa kwa rushwa yake alikuwamo mjumbe wa Congress. Aliyedhulumiwa mara mbili ni masikini wa Bronx, ambaye jina la shida yake liliuzwa na yeye hakuonja kitu.

La pili ni kupewa asiyekuwa na haja. Kwa kanuni ya mwaka 2022, mtu aliruhusiwa kuingia katika mpango huo akiwa na mali ifikayo dola 850,000, bila ya kuhesabiwa nyumba anayokaa wala fungu lake katika biashara ile. Mwenye mali hiyo, katika kitabu gani cha fiqhi ataitwa fukara? Walakini mpango ule ule una jema lake: muda wake ni miaka tisa tu, kisha mtu hutolewa akasimama peke yake.

HUKUMU ZA MAHAKIMU

Mwezi wa Julai 2023 hakimu katika Tennessee alikataza kumdhania mtu kuwa amenyimwa nafasi kwa sababu tu ya kabila lake. Ikawa kila mwombaji aandike mwenyewe yaliyompata. Mwezi wa Machi 2024 hakimu katika Texas akahukumu mfano wa hayo juu ya ile ofisi ya mwaka 1969. Kisha mwezi wa Machi 2025 ikatoka amri ya Rais kuipunguza ofisi hiyo hatta kiasi kidogo kinachoruhusiwa na sheria, na mwezi wa Mei hakimu wa Rhode Island akaizuia amri.

Hukumu ya kumtaka kila mtu aseme haja yake yaelekea kanuni ya mafakihi, kwani kwao mwenye kudai ufukara huangaliwa hali yake mwenyewe. Lakini wamesema pia kuwa huyo hatakiwi ushahidi, ila akijulikana kuwa alikuwa na mali kisha akadai imepotea. Basi mlango usifanywe mwembamba hatta akashindwa kupita yule asiyejua kuandika maombi, huku mwenye wakili akipita. Ama kuivunja ofisi nzima kwa makosa haya, hilo ni jambo jingine. Maji yakiingia taka huchujwa. Mwenye akili havunji mtungi.

KWA WATU WA PWANI

Mambo haya hayako mbali na pwani yetu. Kenya imetenga tangu mwaka 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na walemavu. Tanzania, kwa sheria iliyotengenezwa mwaka 2018, imezipasa halmashauri kutoa asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa makundi hayo hayo, kwa mkopo usio na riba. Mkopo wa namna hii Muislamu aweza kuupokea kwa moyo mkunjufu. Ama mfuko uliozinduliwa Kenya mwaka 2022 ulitoza asilimia 8 kwa mwaka, na hapo mwenye kuiogopa dini yake hukaa nje ya mlango. Haki ya Muislamu ni kuitaka serikali imfungulie mlango usio na riba. Na wajibu wake ni kutouza jina lake kwa tajiri aliyejificha nyuma ya kijana au mjane ili apate zabuni. Huo ni uwongo na khiana, na pato lake si halali.

KHATIMA

Jawabu ya mas'ala, basi, ni hii: kumsaidia aliyedhulumiwa asimame si upendeleo, ni kuondoa athari ya dhulma, na mtawala huulizwa kwayo. Walakini huwa upendeleo sababu yake ikiwa rangi badala ya haja, mlango wake ukifungwa kwa masikini wa upande wa pili, na muda wake ukikosa mwisho. Msaada wa haki ni ule ambao aliyeupokea huja siku moja akarudisha mitende, kama walivyofanya Muhajirina. Na aliyepewa shoka, asikae akingoja mpini wa pili.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze watawala kwenye uadilifu, na awape wanyonge riziki ya halali kwa kazi ya mikono yao. Wallahu aalam.