Robo ya Mkulima

Wavuvi wa mwambao wana hesabu ya kale ya kugawana samaki: kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Mwenye chombo huenda hakutia hata kidole majini siku ile, na bado fungu lake huwekwa kando. Haionekani kuwa ni dhulma, maana chombo kikivunjika mwambani hasara ni yake. Masheikh nao, katika mlango wa mudharaba, wameeleza kwa urefu namna mtaji wa mmoja unavyokutana na jasho la mwingine: faida hugawanywa kwa sehemu zilizokubaliwa tangu mwanzo, na mali ikipotea bila ya uzembe, mwenye mtaji hupoteza mtaji wake na mwenye kazi hupoteza kazi yake. Nyuma ya hesabu hizi limejificha suala gumu. Je, ubia baina ya watu wasiolingana nguvu unaweza kuwa wa haki, au ni jina zuri tu lililovishwa utumishi?

Jibu na litafutwe mbali na bahari, katika Nyanda za Juu za Kusini, kwenye miteremko ya Rungwe mkoani Mbeya, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea. Chai ilijaribiwa hapo na Wajerumani, katika misheni ya Kyimbila, mwaka 1904. Baada ya uhuru, mkulima mdogo alihimizwa aipande karibu na migomba yake, na mwaka 1968 ikaundwa Mamlaka ya Chai kumsimamia. Kilichofuata kinajulikana: viwanda vilichakaa, malipo yakachelewa, na mashamba mengi yakaachwa yakageuka vichaka. Sheria ya Chai ya mwaka 1997 ilifungua mlango wa mageuzi, na viwanda vya umma vikatafutiwa wenyewe wapya. Katika viwanda vya Katumba na Mwakaleli, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilisimama Kampuni ya Chai ya Wakulima. Robo tatu ya hisa ilishikwa na kampuni ya TATEPA, na robo iliyobaki ikashikwa kwa niaba ya wakulima wadogo wa Rungwe, ambao idadi yao ilipita 10,000.

Kabla ya kuuliza kama robo inatosha, ni lazima kulitazama jani lenyewe. Mkulima wa mpunga huweza kufunga ghala na kungoja bei. Mwenye karafuu huweza kuzianika na kuzificha. Jani la chai halina subira hiyo. Likishachumwa, majani mawili na kichipukizi chake, halina budi lifike kiwandani siku ile ile, la sivyo huungua kwa joto lake lenyewe ndani ya gunia. Kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu, kwa hiyo hata kulisafirisha mbali kutafuta mnunuzi mwingine ni kupeleka maji safarini. Mwenye kiwanda ndiye mwenye saa. Lakini naye amefungwa: mitambo haihamishiki, na bila ya majani ni chuma cha kushika kutu. Mchai hukaa takribani miaka mitatu kabla ya kuchumwa, kisha huishi miongo kadhaa. Hawa wawili, basi, wamefungwa mguu kwa mguu, na swali la haki baina yao si la hiari kama lilivyo baina ya wachuuzi wanaokutana gulioni na kuachana.

Sasa robo. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 inasema azimio maalumu, lile la kubadili mambo ya msingi ya kampuni, hupita kwa kura zisizopungua robo tatu. Msomaji na apige hesabu: mwenye robo kamili hawezi kulizuia. Angekuwa na hisa moja zaidi, angeweza. Kati ya sauti na kelele pana hisa moja!

Lakini jambo zito zaidi halimo katika kura. Mkulima wa Rungwe ni watu wawili katika kanzu moja. Kama muuzaji, anataka bei ya jani ipande. Kama mwenye hisa, anataka kampuni ipate faida, na faida huongezeka bei ya jani ikishuka. Ikipunguzwa shilingi moja katika bei ya jani, na shilingi hiyo yote ikageuka gawio, mkulima amepoteza shilingi na amerudishiwa senti 25. Mwenzake hakupoteza kitu na amepata senti 75. Kwa hiyo wakulima wanaweza kupigiwa makofi siku ya gawio na huku wameshanyolewa mizanini, kilo moja ikikatwa kwa ajili ya gunia, nyingine kwa ajili ya maji ya mvua. Haki ya ubia huu iko katika bei na katika mizani, kisha ndipo hisa zifuate. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema daftari liandikwe kwa lugha gani, wala nani alisome. Mwakilishi wa wakulima anayeketi barazani bila ya kuelewa mizania ya kampuni anashuhudia arusi isiyo yake.

Haina maana kwamba fungu dogo ni tusi. Mtaji, masoko ya ng'ambo na ufundi havikuwa mikononi mwa wakulima, na baada ya miaka ya majani kuoza, kiwanda kinacholipa kwa wakati ni neema isiyofaa kubezwa. Lupembe, huko Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, iliona upande wa pili: wakulima, kupitia muungano wa vyama vyao vya ushirika, waliingia ubia na mwekezaji wakaishia kwenye mgogoro mrefu, na kiwanda kikasimama huku majani yakikomaa shambani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa pwani. Methali haikueleza mgeni akae siku ngapi, wala nani ashike funguo.

Siku hizi, katika miteremko hiyo hiyo ya Rungwe na Njombe, parachichi linaoteshwa, pengine pembeni ya chai na pengine mahali pake. Tunda hilo humpa mkulima siku kadhaa za kujadiliana bei, jambo ambalo jani halikumpa kamwe. Mkulima anayeng'oa mistari michache ya michai hakuitisha mkutano mkuu wala hakuandika barua kwa bodi. Amechukua jembe tu, na kiwandani watagundua mzigo ukipungua.