Shahidi Asiyeweza Kukataa

Mtu anapokwambia, "Nimekijaribu, kinafanya kazi," amekupa ushahidi. Hajakupa maoni yake, wala hajakuombea dua. Amekuambia kwamba alikwenda mahali, akauliza swali, akapata jibu. Kwa neno lake hilo wewe utapanda ngazi, utakunywa dawa, utavuka daraja. Ndiyo maana naamini kwamba suala la majaribio, hata yale yanayofanywa ndani ya kompyuta na watu waliokaa kimya mbele ya kioo usiku kucha, ni suala la maadili kabla ya kuwa suala la ufundi. Nataka, ndugu msomaji, nikuonyeshe jambo hilo mahali ambapo pengine hukutarajia kulikuta: katika kuijaribu programu inayofuta mafaili.

Programu ikitaka kufungua faili, kulibadili jina au kulifuta, haifanyi kazi hiyo yenyewe. Huuomba mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia kompyuta nzima, na huo ndio unaoigusa diski. Katika lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, maombi ya namna hiyo yamekusanywa katika sehemu iitwayo os. Ukiandika os.remove ukaitajia jina la faili, faili limekwenda. Haliendi kwenye kikapu cha takataka ukaliokote kesho asubuhi. Limekwenda.

Mwandishi wa programu aliye mwangalifu huandika, sambamba na programu yake, majaribio madogo madogo, kila moja likipima kipande kimoja tu cha kazi. Desturi hii ilienezwa sana na Kent Beck, Mmarekani, aliyeandika chombo cha majaribio kwa lugha ya Smalltalk mwaka 1994. Miaka 3 baadaye yeye na Erich Gamma wakaandika cha lugha ya Java, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Python ilipata chake mwaka 2001. Desturi inataka jaribio liwe jepesi, liishe upesi, na lisiguse vitu vya nje. Lakini amri ya kufuta faili kazi yake ni kugusa kitu cha nje. Haina kazi nyingine. Utampimaje mzamiaji nchi kavu?

Jibu ambalo waandishi wengi wa programu wamelichagua ni mwigo. Unaiondoa kwa muda ile amri halisi, unaweka mahali pake kitu kinachofanana nayo kwa jina, kisha unaiendesha programu yako. Programu inasema, "Futa faili hili." Mwigo unaitikia, "Sawa," na haufuti chochote, unaandika tu kwamba uliombwa. Mwishoni unauuliza mwigo, "Je, uliombwa?" Ukisema uliombwa, jaribio limefaulu. Chombo cha kutengenezea miigo ya Python kiliandikwa na Michael Foord, na kimekuwa sehemu ya lugha yenyewe tangu mwaka 2012. Ni chombo kizuri. Nimekitumia miaka mingi na nitaendelea kukitumia.

Hata hivyo kinanisumbua, na nitaeleza kwa nini.

Mwigo haujui lolote kuhusu diski. Unajua yale tu uliyoufundisha wewe, tena uliyoufundisha dakika 5 zilizopita, kwa mkono uleule ulioandika programu inayojaribiwa. Ukiwa na dhana potofu kuhusu mafaili, dhana hiyo utaiandika mara mbili: kwanza katika programu, kisha katika mwigo. Halafu vyote viwili vitakubaliana kwa furaha, na wewe utayaita makubaliano hayo ushahidi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mkaguzi wa vipimo anapoingia dukani kupima mizani ya muuza sukari huja na mawe yake mwenyewe. Hamwombi mwenye duka amkopeshe ya kwake. Si lazima mwenye duka awe mwizi. Inatosha kwamba jiwe lake na mizani yake vimekaa pamoja mno.

Na diski halisi ina mambo! Kwenye Linux ukilibadili faili jina ukalipa jina ambalo faili jingine limeshalichukua, lile la zamani hufutika kimyakimya. Kwenye Windows amri ileile ya Python, os.rename, hukataa na kutoa kosa. Kwenye Windows faili lililofunguliwa na programu nyingine kwa kawaida halikubali kufutwa. Kwenye Linux jina lake huondoka papo hapo, lakini nafasi yake kwenye diski hairudi mpaka anayelitumia alifunge. Faili ulilolipiga marufuku lisisomwe na yeyote, msimamizi mkuu wa mfumo atalisoma vilevile, kwa hiyo jaribio lako la "ruhusa imekataliwa" linaweza kufaulu kwako na kushindwa kwake. Mwigo hauna habari ya hata moja kati ya haya. Ni mpole, hauna mila, hauna nchi.

Kijana mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja aliniletea programu niisome kabla haijawekwa kwa mteja, ofisi moja iliyokuwa ikitunza nakala za nyaraka za wastaafu. Diski yao ilikuwa imejaa. Programu ilipaswa kupita kila usiku kwenye folda ya muda na kufuta nakala zilizokaa zaidi ya siku 90, kwa kuwa kufikia siku hizo ofisi ingekuwa imekwisha kuzihamishia kwenye hifadhi ya kudumu. Alikuwa ameandika majaribio 30 na ushei, yote yamefaulu, na kioo chake kilikuwa kijani kama shamba la mpunga.

Nikamwuliza, "Mdogo wangu, kati ya haya yote, ni lipi lililowahi kuona faili?"

Akacheka. "Kaka, hakuna. Nisingethubutu. Hii si inafuta?"

Jibu lake lilinipendeza, kwani lilitoka kwa mtu mwenye hofu nzuri. Tukakubaliana atengeneze folda tupu ya kupita, ambayo Python humtengenezea mtu kwa amri moja na kuiondoa ikiisha kazi, aijaze mafaili ya kweli yasiyo na thamani, kisha aiache programu yake huru humo. Mafaili hayo hakuyabuni. Aliyanakili kutoka kwenye kifimbo cha kumbukumbu cha majaribio, kwa njia ileile ambayo ofisi za wilaya zilikuwa zikileta nyaraka zao. Programu ikafuta karibu yote, yakiwemo yaliyoingia asubuhi ile.

Sababu haikuwa ngumu. Programu iliyotumika kunakili ilikuwa ikihifadhi tarehe ya zamani ya faili. Barua iliyopigwa picha wilayani mwaka uliotangulia ikiingia leo inaingia na tarehe yake ya mwaka uliotangulia. Programu ya kijana iliuliza umri wa faili, mfumo endeshi ukajibu kwa ukweli kabisa kwamba lilibadilishwa mara ya mwisho siku 400 zilizopita, na hukumu ikatoka. Katika majaribio yake 30 na ushei swali hilohilo la umri lilikuwa likijibiwa na mwigo, na mwigo ulijibu kama ulivyoambiwa: hili la jana, hili la siku 100. Haikumpitikia, na sidhani kwamba ingempitikia mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti chake, kwamba faili linaweza kufika leo likiwa na umri wa mwaka. Mstaafu ambaye barua yake ya kuajiriwa imefutwa kabla haijahamishwa hajui mwigo ni nini. Ataambiwa tu kwamba haonekani, aanze upya.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mwigo ni uongo. Kuna maswali ambayo dunia halisi haitakujibu kwa hiari yako, au itakujibu kwa gharama ambayo huna haki ya kumtwisha mtu mwingine. Huwezi kuichoma nyumba ili ujue kama ndoo za maji zinatosha. Diski inayoharibika katikati ya kuandika, mtandao unaokatika baada ya nusu ya faili, saa ya kompyuta inayorudi nyuma: haya huyapati ukiyataka. Hapo mwigo ni kama yule mwalimu anayemwambia mwanafunzi wa uuguzi, "Mgonjwa ameacha kupumua, unafanya nini?" Hakuna mgonjwa, na swali ni la kweli.

Lakini tazama tofauti. Mwalimu yule ameigiza dunia iliyo kali kuliko ile ya kila siku. Mwigo wake unakataa: hapumui, hapumui, hapumui. Miigo mingi niliyoisoma katika kazi za watu hufanya kinyume chake. Imefundishwa kusema ndiyo. Faili lipo? Lipo. Limefutwa? Limefutwa. Nafasi inatosha? Tele. Wa kwanza unamjaribu mtu. Wa pili unambembeleza. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye mpaka wa maadili, wala haupo kati ya kitu halisi na kitu cha kuigiza kama wengine wanavyodai. Ushahidi hupata uzito kwa kuwa ungeweza kuja vingine. Kabla ya kuniambia kwamba jaribio lako limefaulu, niambie kwanza lingeshindwaje.

Chombo chenyewe cha miigo kilituonyesha jambo hili kwa namna ambayo mwandishi wa hekaya asingethubutu kuibuni. Mwigo wa Python huitikia jina lolote unaloliita, hata ambalo halipo. Ndio upole wake. Basi watu wakawa wanaandika mwishoni mwa majaribio yao assert_called_once, wakidhani ni amri ya kuhakikisha kwamba kitu kiliombwa mara moja tu. Amri ya jina hilo haikuwapo. Iliyokuwapo ilikuwa na jina refu zaidi. Mwigo haukulalamika; uliitikia kama unavyoitikia kila jina, na jaribio likahesabiwa limefaulu, hata kama faili liliombwa kufutwa mara 7 au halikuombwa kabisa. Yaani hata yule aliyetumwa kumhoji shahidi aligeuka kuwa shahidi wa kukubali. Mwaka 2015 lugha ilirekebishwa, mwigo ukaanza kukataa majina yasiyojulikana yanayoanza na neno lile la kuhakikisha, na mwaka uliofuata amri ile iliyokuwa ikidhaniwa ipo ikaundwa kweli.

Kuna aliye na nia mbaya hapo? Simwoni. Na ndivyo ilivyo pia katika mambo makubwa zaidi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikiwa na setilaiti 4 za utafiti ziitwazo Cluster. Haikumaliza dakika moja. Chombo cha kupima mwelekeo, ambacho programu yake ilitoka kwenye Ariane 4, kilijaribu kuishindilia namba kubwa katika nafasi ya biti 16, namba haikuenea, chombo kikazima. Na kile cha akiba, chenye programu ileile, kilikuwa kimeshazima kwa sababu ileile. Roketi ikapinda ghafla, ikavunjika. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilieleza kwamba katika majaribio ya mfumo mzima chombo hicho hakikuwekwa chenyewe. Majibu yake yaliigizwa, ingawa kiufundi ingewezekana kukiweka karibu chote. Wahandisi walikuwa na sababu zao, na ukizisoma moja moja zina mantiki. Walijaribu kwa bidii. Kilichokaa mahali pa shahidi ndicho ambacho hakikuweza kukataa.

Sasa msomaji makini ataniuliza: je, huo mfumo endeshi wenyewe husema kweli siku zote? Swali zuri, maana linanizuia nisiifanye diski kuwa kadhi. Programu ikiandika kwenye faili, mfumo endeshi husema "tayari" wakati maneno yangali katika kumbukumbu ya muda, hayajafika kwenye diski. Anayetaka uhakika hutoa amri nyingine, fsync, ya kulazimisha yafike. Mwaka 2018 waandishi wa PostgreSQL, programu ya kutunzia data inayotumika duniani kote, waligundua kwamba kwenye Linux amri hiyo ingeweza kushindwa mara moja, kisha ikirudiwa ikasema imefaulu, ilhali maneno yaliyopotea mara ya kwanza hayakuandikwa popote. Kwa miaka mingi programu yao ilikuwa ikisikia hapana, ikiuliza tena, ikisikia ndiyo, na kuendelea.

Walichoamua, na mwaka 2019 wakakitoa kwa watumiaji, ni kwamba programu ikisikia hapana hata mara moja isiulize tena. Izime palepale, yote, na watu wote waliounganishwa wakatwe. Kisha iamke na kujijenga upya kutoka kwenye daftari lake la matukio.