Sheli ya Nne

Jioni moja mwenyekiti wa mtaa wetu alinijia na karatasi ya majina. Alitaka niwe wa kwanza kutia saini, kwa sababu watu wa hapa wakiliona jina la Mwalimu juu kabisa huamini kwamba jambo limekwisha kupimwa. Karatasi ilipinga kujengwa kwa sheli ya nne katika barabara yetu, barabara isiyofika hata kilomita 2. Nilitia saini. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja.

Kabla sijapewa ukuu wa chuo cha ualimu nilifundisha sayansi, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa ubaya wa kitu hicho. Petroli ina benzini, na benzini huleta saratani ya damu. Matangi hufukiwa chini ya ardhi, na tangi la chuma lililofukiwa hushikwa na kutu. Linapoanza kuvuja hakuna anayeona, mpaka siku maji yatakaponuka. Huko Marekani, nchi yenye wakaguzi na vyombo vya kupimia, matangi ya namna hiyo yaliyothibitika kuvuja tangu miaka ya 1980 yamepita 500,000. Kutoka kiwanja cha mdogo wangu hadi kisima chetu ni hatua 60. Bomba linapokauka, na hukauka, mtaa mzima hunywa pale.

Hayo niliyasema mkutanoni, kwa maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa aina hiyo ufanyiwe tathmini na majirani wasikilizwe. Nilipokwisha kusema, mdogo wangu alisimama. Hakugusa benzini wala kutu. Aliuliza ni nani kati yetu aliyekuja kwa miguu. Nje zilikuwapo bodaboda zisizopungua 10, na mojawapo ndiyo iliyonileta mimi na magoti yangu haya. Kisha akanigeukia: "Kaka, wewe una pensheni. Mimi nina kiwanja."

Ndugu msomaji, neno hilo limenikosesha usingizi kuliko hoja zote za wataalamu. Yeye alikuwa fundi seremala maisha yake yote, na hakuna mfuko wowote unaomkumbuka mwisho wa mwezi. Kodi ya kiwanja kile ingemtunza mpaka kufa kwake. Katiba yetu, katika ibara ya 24, inampa haki ya kumiliki mali na mali hiyo kulindwa. Ni kweli pia kwamba mali ya mtu huishia kwenye mpaka wake, lakini maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka. Hapo sikuona shida. Shida niliiona kwenye lile swali la bodaboda.

Je, mtu anayetumia kitu ana haki ya kukikataa kisikae karibu naye? Kwanza nilijijibu upesi kwamba anayo. Mla nyama halazimiki kuwa na machinjio mlangoni pake. Jibu zuri, ila halisemi machinjio yawe mlangoni pa nani.

Wenzangu wa umri wangu wataikumbuka habari ya Tabata. Mwaka 1988 wakazi wake walilishtaki Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga taka na kuzichoma katikati ya makazi yao, wakashinda. Jiji liliendelea kuomba muda, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akalikatalia, akishika ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Tulishangilia. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wa Kunduchi nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, baadaye Pugu. Kila aliyeshinda alikuwa na haki, nami sioni aliyekosea. Hata hivyo taka hazikupungua hata kapu moja.

Niliwaza sana juu ya tofauti ya taka na sheli, na nadhani ipo. Taka zimekwisha kuwapo, sharti ziende mahali. Sheli ya nne, penye tatu zisizojaa magari, haina sharti la kwenda popote. Wakazi wa Petaluma, mji wa watu kama 60,000 katika jimbo la California, waliliona hilo. Kampuni moja ilitaka kujenga kituo cha mafuta karibu na shule ya msingi, na ugomvi ukadumu kwa miaka. Mwishowe, Machi 2021, baraza la mji lilipiga marufuku sheli mpya katika mji mzima. Zilizokuwapo, 16, ziliachwa ziendelee, na mwenye gari hakuzuiwa kununua mafuta. Hawakusema "isiwe kwetu". Walisema zilizopo zinatosha, na neno hilo likamfunga tajiri na maskini, wa mlimani na wa bondeni. Miji kadhaa jirani ikafuata.

Sisi karatasi yetu ilitaja barabara moja. Hata kuandika "kata nzima" hatukuwaza, na mwalimu aliyekuwa juu ya orodha ndiye aliyepaswa kuwaza.

Mfanyabiashara hakugombana nasi. Alishuka kilomita 3, hadi mtaa wa bondeni wenye vyumba vya kupanga, ambako watu huondoka alfajiri na kurudi usiku, na huko visima ni viwili. Tangazo la tathmini lilibandikwa, nililiona kwa macho yangu ukutani. Nilipita tena walipokuwa wakichimba mashimo ya matangi, nikiwa juu ya bodaboda, nikamwambia kijana aendelee na safari. Siku hizi bodaboda zetu nyingi hujaza mafuta huko, maana ni nafuu kwa shilingi chache.

Mdogo wangu amepanda mihogo kwenye kiwanja chake. Wiki iliyopita aliniletea fungu, akaliweka barazani. Nilimkaribisha kiti, akasema ana haraka.