Pambo Lisilo na Deni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita alitujia mtu mmoja baada ya tarawehe, akatuuliza iwapo zaka ya fitri yamlazimu ilhali ana deni. Tukamuuliza: deni la nini? Akanyamaza kidogo, kisha akatwambia kuwa ni deni la nguo za Idi, za mkewe na binti zake watatu, na kwamba mkufu wa mkewe umekwisha wekwa rahani. Masala yake tulimjibu kama walivyoeleza wanazuoni. Walakini tulirudi nyumbani na swali jingine ambalo yeye hakutuuliza: imekuwaje siku ya furaha ya Waislamu ikawa ndiyo siku ya kumtia Muislamu kitanzi shingoni?

Ndugu zetu, hatusemi kuwa pambo ni vibaya. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Aaraf, aya ya 31, tuchukue pambo letu tunapokwenda kusali. Lakini katika aya iyo hiyo ametukataza israfu. Na katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake ambao wakitoa mali hawapiti kiasi wala hawafanyi ubakhili, bali hushika njia ya katikati. Sunna ya siku ya Idi ni mtu kuvaa kilicho bora katika alivyo navyo. Haikusemwa kuwa avae asicho nacho.

Ama deni, jambo lake si jepesi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa lililetwa jeneza la mtu aliyekuwa na deni naye hakuacha cha kulilipia, na Mtume (S.A.W.) hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Ikiwa hivyo ndivyo lilivyo deni la mtu wa zama zile, ambaye huenda alikopa kwa njaa, sisi tutasema nini juu ya deni la sare ya arusi itakayovaliwa usiku mmoja kisha ikafungiwa kabatini?

Dawa ya maradhi haya i mikononi mwetu, nayo ni sindano. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume akifanya nini nyumbani kwake, akaeleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Na Bibi Zainab binti Jahsh (R.A.), mkewe Mtume, alikuwa fundi wa mikono: akidabighi ngozi na kuzishona, na pato lake akilitoa sadaka. Huyo ni mama wa Waislamu, wala mikono yake haikumvunjia heshima.

Huenda mtu akasema: “Nikivaa nguo niliyojishonea watu watanicheka.” Jawabu yake ni kuwa Sayyidna Umar (R.A.), hali ya kuwa Amiri wa Waumini, alionekana ana viraka mabegani, kimoja juu ya kingine, na utawala wake haukupungua. Tena sisi watu wa pwani ndio wa mwisho wa kuionea haya sindano. Kofia za Lamu zashonwa kwa mkono mpaka leo, na mwenye kuivaa hujifahiri nayo. Iweje mkono ushonao kofia uwe fahari, na mkono ushonao sketi uwe aibu?

Wala kazi yenyewe si ngumu. Tulimuuliza mama mmoja katika jamaa zetu, ambaye ameketi na cherehani miaka mingi, naye alitueleza hivi. Nunua yadi mbili na nusu za kitambaa chenye upana wa inchi 45. Kikate katikati upate vipande viwili vilivyo sawa, kila kimoja inchi 45. Vishone mbavu mbili, kisha pinda juu inchi moja na nusu uache njia ya mpira, na chini pinda inchi mbili. Mpira uwe mfupi kuliko kiuno kwa inchi mbili hivi. Upitishe kwa pini, uunge ncha zake, na marinda yatajifanya yenyewe. Hiyo ni sketi pana ya kufika miguuni kwa wengi wetu, isiyobana wala kuonyesha umbo. Asiye na cherehani atashona kwa mkono, mshono mfupi mfupi na wa kurudia nyuma, siku mbili tatu na kazi imekwisha. Nguo ya mtoto iachiwe pindo pana, ili akikua lifunguliwe nayo irefuke.

Kitambaa kikiwa chepesi hata mwili waonekana, sharti kitiwe bitana, na leso iliyochakaa yafaa sana kwa kazi hiyo. Na anayenunua mitumba Kongowea asitazame rangi peke yake. Akiinue kitambaa kwenye mwanga aone kama kimelika, na gauni pana lililochanika kifuani alikate kiunoni; chini yake ni sketi nzima.

Tena yafaa kununua kwa hesabu. Sketi mbili za rangi tulivu, moja nyeusi na moja ya buluu, ukiwa na blauzi tatu zinazopatana nazo zote, ni mavazi sita. Ukibadilisha mtandio, jirani yako hatajua. Lakini sketi sita ambazo kila moja yataka blauzi yake ni gharama isiyokwisha.

Hapa yatupasa kuonya. Asije mume akayachukua maneno haya akamtupia mkewe uzi na sindano, kisha akaenda zake barazani. Nguo ya mke ni wajibu wa mume kwa kadiri ya uwezo wake, na kitambaa, uzi na mpira vyatoka mfukoni mwake. Mke akishona, huo ni wema wake. Shukurani ni haki yake. Na bibi naye asimpime mumewe kwa mume wa jirani, kwani hajui kama mkufu wa jirani uko shingoni au uko rahani.

Twapendekeza, basi, kila madrasa yetu itenge alasiri moja katika juma, tangu mwezi wa Rajabu, akina mama wajuao kushona wawafundishe binti zetu. Mwenye cherehani iliyolala nyumbani aitoe iazimwe. Ni sadaka itakayomfaa. Ikifika Ramadhani kila binti atakuwa na nguo yake ya Idi aliyoishona mwenyewe, na babake atatoa fitri yake bila ya kuja kutuuliza habari za deni.

Mwenyezi Mungu ametwambia katika Suratul Aaraf, aya ya 26, kuwa vazi la ucha Mungu ndilo bora. Vazi hilo haliuzwi dukani, na hakuna awezaye kulikopa. Twamuomba Mola atuvishe sisi na nyinyi.

Wabillahi ttawfiq.